Raspberry Pi kama seva ya printa ofisini: miezi minane baadaye

Ofisini kwetu Morogoro tuko watu watano na printa moja ya leza yenye tundu la USB tu, ya enzi zile kabla ya Wi-Fi. Ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ya dada wa mapokezi. Akienda benki na kuizima kompyuta yake, basi tena, flashi zinaanza kuzunguka, na virusi vya flashi za ofisini mnavijua.

Nyumbani nilikuwa na Raspberry Pi 3, kile kikompyuta kidogo cha bodi moja, imelala tu. Nikaiwekea Raspberry Pi OS Lite (mfumo wake wa Linux usio na madirisha), kisha CUPS, programu ya bure ambayo hata kompyuta za Mac huitumia kuprinti. Kuiweka si kazi: amri moja ya apt (kisakinishi cha programu), unajiingiza kwenye kundi la lpadmin (wanaoruhusiwa kusimamia printa), unaruhusu kompyuta nyingine kwa amri ya cupsctl, halafu unafungua kivinjari kwa anwani ya Pi ukimalizia na :631. Kuanzia hapo ni kubofya. Kwenye ruta niliifungia Pi anwani moja isiyobadilika, la sivyo siku ruta ikizimwa kompyuta zote zinaweza kuipoteza printa.

Draiva, yaani programu ya kuiendesha printa, ndiyo iliyonitoa jasho. Pi inatumia prosesa ya ARM, na draiva nyingi za watengenezaji zimeandikwa kwa ajili ya Intel. Tena printa yangu ni ya zile zisizotunza programu yao ya ndani. Kila printa ikiwashwa lazima programu hiyo ipakiwe upya kutoka kwenye kompyuta. Kifurushi cha draiva za Linux kiitwacho foo2zjs kiliniokoa, baada ya jioni mbili. Kwa hiyo hakikisha kwanza printa yako ina draiva ya Linux kabla hujatoa hela.

Wiki ya kwanza bosi akaniita, ameshika barua tatu. “Sahihi yangu nitaweka wapi?” Kweli, mstari wa mwisho wa kila barua ulikuwa umekatwa. Nilihangaika na tona, nikahangaika na waya, kumbe foleni ya printa kwenye CUPS niliiacha kwenye karatasi ya Letter ya Wamarekani, iliyo fupi kuliko A4 kwa karibu milimita 18. Nikabadilisha kuwa A4 kwenye mipangilio ya msingi, ikaisha.

Nikiipa alama, nane kwa kumi. Windows zinaiona na simu pia, mradi Avahi, programu ya kuitangaza printa kwenye mtandao, iwe inafanya kazi. Kurasa zenye picha nyingi huchelewa kuanza, unaweza kwenda kumimina chai ukarudi. Kama printa yako ina tundu la waya wa mtandao, achana na haya yote, chomeka kwenye ruta ulale.

Alama mbili nilizokata ni za umeme. Umeme wetu hukatika bila hodi, na mwezi wa tatu memori kadi ikafa, Pi ikagoma kuwaka. Sasa nimeichomeka kwenye UPS ndogo (betri ya akiba) pamoja na ruta. Printa yenyewe siiweki humo, leza inavuta umeme mwingi mno. Nakala kamili ya kadi iko kwenye droo ya dada wa mapokezi, nimeibandika karatasi: YA PRINTA, USIWEKE NYIMBO.