Visa ya Schengen kwa pasipoti ya India: uzoefu wangu na Mama, kutokea Mumbai

Nimezaliwa na kukulia Upanga, Dar es Salaam, sasa nafanya kazi Mumbai, na pasipoti yangu ni ya India kama ilivyo ya Mama. Naandika kwa sababu jamaa zangu wa Dar, Mombasa na Zanzibar wenye pasipoti kama zetu wananiuliza kila mara: Ulaya mtu wa kawaida anaweza kwenda kutembea kwa kuomba visa mwenyewe, au mpaka apite kwa wakala? Anaweza. Sisi tuliomba wenyewe, visa ya utalii ya Ufaransa, mimi na Mama pamoja, na tulipata wote wawili. Ila maombi yangu na maombi ya Mama, japo tuliyapeleka siku moja na dirisha moja, yalikuwa kazi mbili tofauti. Yangu yalikuwa kukusanya karatasi tu. Ya Mama yalikuwa kumweleza mtu asiyemjua, kwa karatasi, kwamba mwanamke asiye na mshahara ana maisha kamili ya kurudia nyumbani.

Kwanza, uombe nchi gani. Visa ya Schengen ni moja inayotumika katika nchi 29 za Ulaya, lakini huombi popote unapojisikia. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Sisi tulipanga Paris kwa sehemu kubwa ya safari, kisha Amsterdam kidogo, kwa hiyo Ufaransa. Watu wanaambiana "nchi fulani ni rahisi, omba huko halafu nenda unakotaka." Msifuate ushauri huo. Ratiba, hoteli na tiketi vinasomwa pamoja, na afisa wa mpakani naye anaweza kuuliza.

Na ninyi mlioko Dar, sikilizeni hili kwa makini: unaomba pale unapoishi kihalali, si lazima nchi ya pasipoti. Mwenye pasipoti ya India na kibali cha ukaazi cha Tanzania kilicho hai anaomba Dar es Salaam. Hana haja ya kupanda ndege kuja Mumbai au Ahmedabad.

Gharama. Tangu tarehe 11 Juni 2024 ada ya visa ni euro 90 kwa mtu mzima, kutoka 80 ya zamani. Mtoto wa miaka 6 mpaka 11 ni euro 45, chini ya hapo bure. Hapa India unalipa kwa rupia, na ukinyimwa hela hairudi. Juu yake kuna ada ya huduma ya kituo, kwa sababu balozi nyingi hapa hazipokei maombi zenyewe. Kazi hiyo wamepewa makampuni kama VFS Global, iliyoanzia hapahapa Mumbai mwaka 2001. Kituo kinapokea makaratasi, kinachukua alama za vidole na kurudisha pasipoti. Uamuzi si wao, ni wa ubalozi. Kwa hiyo karani akikuambia faili lako ni zuri au baya, msikilize kwa adabu, lakini usilichukulie kama jibu. Vitu vya ziada kama chumba cha kusubiria chenye viti vizuri au meseji za kufuatilia ni hiari. Sisi tulichukua kurudishiwa pasipoti kwa kuria tu.

Miadi ya kupeleka maombi kituoni ndiyo iliyonitesa. Shule za India zinafunga kuanzia Aprili mpaka Juni, na hapo nusu ya Mumbai inataka kwenda Uswisi na Paris. Mwaka 2024 Wahindi walipeleka maombi zaidi ya milioni moja ya Schengen, wa pili duniani baada ya Wachina. Nafasi zinaisha haraka ajabu. Sheria inaruhusu kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Tumieni hiyo miezi sita. Mimi nilikuwa nafungua tovuti asubuhi mapema kabla ya kazi, na nafasi zilizoachwa na wengine zilikuwa zinajitokeza moja moja.

Katikati ya kuhangaika na miadi ndipo tulipoonana na wakala mmoja, ofisi ndogo aliyotuelekeza jirani. Alimtazama Mama, akauliza kama ana ajira, akasema bila kupepesa macho: "Huyu peke yake hapati." Akatoa bei. Ndani ya bei kulikuwa na miadi, hoteli "tutakazokutengenezea", na fedha za kuingizwa kwenye akaunti ya Mama kwa wiki chache ili salio lionekane nono. Niliondoka pale nimekasirika, si kwa bei tu. Mtu anamchukua mwanamke mzima, mwenye nyumba na jina lake, anamgeuza mtuhumiwa kabla hajaomba chochote. Halafu anamuuzia uongo ambao ukigundulika utaandikwa kwa jina la Mama, si la wakala. Ukinyimwa visa, kumbukumbu inaingia kwenye mfumo wa visa ambao nchi zote za Schengen zinausoma, na inakaa humo miaka mitano.

Karatasi zangu nitazipitia haraka, maana mwajiriwa yeyote wa India anazo. Hati za mshahara za miezi mitatu, taarifa ya benki yenye muhuri, marejesho ya kodi ya mapato, barua ya mwajiri inayosema nimepewa likizo na narudi kazini tarehe fulani. Pasipoti isizidi miaka kumi tangu itolewe, iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000, ifunike matibabu ya dharura na kusafirishwa kurudi nyumbani, kwa nchi zote za Schengen na kwa siku zote za safari. Tiketi usinunue kabla, buking tu inatosha. Hoteli tulichukua zinazokubali kughairi bila makato. Ufaransa wana kiwango chao cha fedha za matumizi: euro 65 kwa siku kwa mwenye hoteli, 120 kwa asiye nayo. Pigeni hesabu kwa kiwango hicho, mtajua salio lenu linatosha au halitoshi, badala ya kutishwa na maneno ya mtaani.

Sasa Mama. Mama ni mjane, hajawahi kuajiriwa, hana marejesho ya kodi. Miaka yote ya Dar aliendesha nyumba, akalea watoto, akahudumia wagonjwa wa ukoo mzima, na hakuna hata karatasi moja inayosema hivyo. Alichonacho ni nyumba ya Jamnagar, mji wa Gujarat, iliyoandikwa kwa jina lake, akiba ya muda maalumu benki, na sisi watoto.

Tulianza na jina. Kwenye pasipoti jina lake limeandikwa bila "ben", neno la heshima lenye maana ya "dada". Kwenye benki na kwenye hati ya nyumba limeandikwa na "ben" mwishoni, kama walivyo wanawake wengi wa Kigujarati, ambao heshima hiyo iliingizwa tu na karani wa enzi hizo. Kwetu hilo si jambo. Kwa afisa anayesoma karatasi bila kukuona, hao ni wanawake wawili. Tulikwenda kwa wakili mthibitishaji, Mama akala kiapo kwamba majina yote mawili ni yake, na hati hiyo tukaiweka juu kabisa ya faili lake. Hati ya nyumba ilikuwa kwa Kigujarati, tukaitafsirisha kwa Kiingereza. Cheti cha kifo cha Baba nacho tulikiweka, kwa sababu ukurasa wa mwisho wa pasipoti yake bado una jina la mume, na nisingependa mtu ajiulize huyo mume yuko wapi na mbona hajamdhamini mkewe.

Kisha fedha. Ile akiba yake ya muda maalumu tuliionyesha kama ilivyo, bila kuongeza hata rupia. Gharama za safari nilisema nabeba mimi: barua ya udhamini, cheti changu cha kuzaliwa kuonyesha ni mama yangu, na taarifa zangu za benki na kodi zikarudiwa kwenye faili lake pia. Hili msilisahau, kwa sababu kila mwombaji anasomwa peke yake. Faili la Mama lilitakiwa lijitosheleze hata kama langu limekaa meza nyingine.

Barua ya maelezo ya Mama niliiandika mimi, yeye akiwa amekaa pembeni ananisahihisha. Nilitaka kuandika mistari mizuri kuhusu Paris. Akakataa, akasema andika tunakwenda kuona nini, tunalala wapi, nani analipa, na tunarudi lini kwa sababu gani. Sababu ya kurudi tuliandika nyumba yake, wajukuu wake walioko Jamnagar, na miadi yake ya kawaida kwa daktari wa macho, na cheti cha daktari tukakiambatanisha. Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Naamini barua ile ndiyo iliyomsaidia Mama kuliko karatasi nyingine yoyote, kwa sababu kila sentensi yake ilikuwa na kiambatanisho nyuma yake.

Siku ya miadi. Foleni nje, mlinzi anaangalia karatasi ya miadi na pasipoti, ndani unapewa namba. Karani alikagua kila kitu kwa orodha yake, akapanga upya, akatoa baadhi ya kopi akasema hazihitajiki. Nilimwomba kwa upole aiache hati ya kiapo, akaiacha. Picha zilipimwa: milimita 35 kwa 45, uso uonekane wazi.

Kwenye alama za vidole, vyangu vilisoma mara moja. Vya Mama vikagoma. Kioo kinawaka kijani, Mama anabonyeza vidole vinne, mashine inalia, rangi nyekundu. Tena nyekundu. Ngozi ya ncha za vidole vyake imelainika kabisa, miaka ya kusukuma chapati na kufua kwa mikono, mistari haipo. Nilimwona anaanza kutetemeka, anadhani ndiyo basi. Binti wa pale, mdogo kuliko mimi, alizunguka meza akaja upande wetu, akampa kitambaa chenye maji kidogo afute vidole, akaviweka kimoja kimoja kwenye kioo huku akivibonyeza taratibu kwa mkono wake na kumwambia kwa Kihindi, "Usiogope, Mama, tuna muda." Vikasoma. Nampa binti yule alama zote. Ukiwa na mzazi mzee, mpake mafuta mikononi siku kadhaa kabla, na asubuhi ya miadi anawe vizuri, asipake kitu. Jambo jema ni kwamba alama zikishachukuliwa zinaweza kutumika tena kwa miezi 59.

Jibu kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, na wanaweza kufika 45 wakihitaji kuchunguza zaidi. Letu lilikuja ndani ya muda wa kawaida. Pasipoti inakaa kwao wakati huo wote, kwa hiyo usipange safari nyingine katikati. Kuria alileta bahasha mbili zilizofungwa. Ukinyimwa, humo ndani unakuta fomu yenye sababu zilizowekewa alama, na una haki ya kukata rufaa. Isomeni sababu hiyo vizuri kabla ya kuomba tena.

Visa nayo isomwe vizuri. Kuna tarehe za kuanzia na mwisho, na kuna idadi ya siku za kukaa. Tarehe zinaweza kuwa pana kuliko siku ulizopewa, kwa sababu wanaongeza siku kadhaa za tahadhari endapo safari itasogea. Siku ndizo za kuhesabu. Ya Mama ilikuwa ya kuingia mara moja, ikatutosha, maana Paris kwenda Amsterdam ni ndani ya Schengen. Lakini kama angependa kupitia London katikati, ambayo iko nje ya Schengen, asingeweza kurudi Paris kwa visa ile.

Uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle afisa aliuliza hoteli na tiketi ya kurudi, tukampa, akagonga muhuri. Kopi zote zilikuwa kwenye mkoba wa mkononi wa Mama, na nawasihi nanyi msiziweke kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Visa peke yake haikuhakikishii kuingia.

Kwa wanaoishi India kuna nafuu iliyokuja tarehe 18 Aprili 2024: Mhindi anayeishi India akipata na kutumia vizuri visa mbili ndani ya miaka mitatu, anaweza kupewa ya miaka miwili ya kuingia mara nyingi, na baada yake ya miaka mitano, mradi pasipoti iwe na muda wa kutosha. Utaratibu huo ni wa wakaazi wa India, ninyi wa Dar msiutegemee. Pasipoti ya Mama iko karibu kuisha, kwa hiyo tutaibadilisha kwanza ndipo tuombe tena. Ile ya zamani wakiirudisha imekatwa pembe na kugongwa muhuri wa kufutwa, tutaitunza, kwa sababu visa yake ya kwanza imo humo na tutaiambatanisha.