Kaua ka kengele ka milimani, pauni 4 zangu hazijaenda bure

Jamani nimekaa na haka kaua mwaka wa pili sasa ndo naandika. Kanaitwa Campanula cochleariifolia, nilikanunua kitalu kimoja huku Leeds, kikopo cha sentimita 9 kwa pauni 4. Kwao ni milima ya Alps na Pyrenees, kanaota kwenye nyufa za mawe ya chokaa, kwa hiyo baridi ya Uingereza wala haikatishi.

Kaurefu kenyewe hakapiti kiganja, af kuanzia Juni kanatoa vikengele vya bluu vimeinama, vidogo kama kastabani ya fundi cherehani, vingi mpaka majani huyaoni. Mimi nimekapanda kwenye sinki kuukuu la jikoni, nimetoboa chini, nikachanganya udongo na changarawe nusu kwa nusu maana kakituamiwa na maji kanaoza.

Sasa lawama. Kitalu walikapakia kwenye udongo umelowa chapachapa, nusu ya mizizi imeshakuwa nyeusi, na kale kakaratasi hakasemi kwamba majira ya baridi majani yanakauka yote, basi Desemba nikajua kamekufa nikawa nakapeleka jalalani, mume wangu ndo akanizuia, eti subiri kwanza. Machi nachungulia, vichipukizi hivyoo, hadi pembeni ya sinki vimetokezea kwa chini kwa chini!

Konokono wasio na gamba wanakapenda balaa, usiku natoka na tochi nawaokota.

Ua nalipa nyota tano, kitalu mbili.