Asylum ya Cressida: ununue nakala ipi kwanza?

Cressida, bendi ya roki ya Uingereza, walitoa albamu mbili tu enzi zao, zote chini ya lebo ya Vertigo ya Uingereza: ya kwanza 1970, ya pili, Asylum, 1971. Hiyo ya pili ilipoingia sokoni bendi ilikuwa imeshavunjika. Mpiga ngoma, Iain Clark, alikwenda bendi ya Uriah Heep na mwaka huohuo akapiga katika albamu yao, Look at Yourself. Albamu ikikosa bendi ya kuipigia debe jukwaani hudorora, na leo santuri zake za awali ni adimu na ghali mno. Inauma, kwa sababu katika roki ya progresivu, ile ya nyimbo ndefu zenye muundo tata, iliyojengwa juu ya kinanda naiweka mstari wa mbele kabisa.

Nakala zote nazipima kwa wimbo mmoja: Let Them Come When They Will, unaofunga upande B kwa takriban dakika 12. Kinanda cha Peter Jennings na gitaa la John Culley vinapokezana humo, na kuna sehemu tulivu ambazo kasoro yoyote ya sauti haina pa kujificha.

Ya kwanza: seti ya sidii mbili ya lebo ya Esoteric, 2012. Inaitwa The Vertigo Years Anthology 1969–1971 na ina albamu zote mbili. Ukizisikiliza kwa mfululizo utaona jinsi bendi ilivyobadilika mpiga gitaa wa albamu ya kwanza, John Heyworth, alipoondoka na Culley kushika gitaa: nyimbo zinarefuka, ala za nyuzi zinaingia, na filimbi ya Harold McNair, Mjamaika aliyefariki mwaka huohuo wa 1971, inasikika. Kama utanunua kitu kimoja tu, nunua hiki.

Ya pili: sidii ya lebo ya Repertoire ya Ujerumani. Ni Asylum peke yake. Ukiipata kwa bei nafuu, chukua bila wasiwasi.

Ya tatu: santuri iliyochapishwa upya. Hapa fungua macho. Tafuta jina la kampuni iliyotoa na maelezo ya haki miliki. Nakala bandia za santuri za Vertigo zimezagaa, na nyingine zimeiga hadi ile nembo ya Vertigo ya mzunguko mweusi na mweupe. Muuzaji asipoweza kukueleza imetoka wapi, achana nayo.

Ya nne: santuri ya awali ya 1971, namba ya katalogi 6360 025. Naiweka mwisho japo naipenda kuliko zote. Jalada linalofunguka ni raha kulishika, na nembo ikizunguka chini ya sindano huachi kuitazama. Lakini wimbo wetu wa kipimo uko karibu na kitovu cha santuri, mahali ambapo sauti hukwaruza mapema sindano mbovu ikipita mara nyingi. Kwa hiyo usikubali kuonjeshwa wimbo wa Munich wa upande A ukaridhika. Omba dakika tatu za mwisho za upande B. Iinamishe santuri kwenye mwanga mkali, kisha tazama lebo kuzunguka tundu: vistari vingi vyembamba vinaonyesha imewekwa na kutolewa mara nyingi sana, hata kama uso wake unang'aa. Jalada lililochakaa naweza kulivumilia. Upande B uliolika, hapana, kwa bei yoyote.