Python Tutor: tovuti iliyomfumbua macho mpwa wangu kuhusu lupu zake

Kama una kijana nyumbani anayejifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na programu yake inajikokota, mfungulie Python Tutor kabla hujamlipia masomo ya ziada. Ni tovuti ya bure aliyoianzisha Philip Guo mwaka 2010. Unabandika msimbo, kisha unausogeza hatua moja moja. Mshale wa kijani unakaa kwenye mstari uliomalizika, mwekundu kwenye unaofuata, na upande wa kulia unaona thamani zikibadilika.

Mimi ni mweka hazina wa sacco ya matatu, ofisi yetu iko River Road, Nairobi. Mpwa wangu alituandikia programu ya kujumlisha michango inayoingia kwa M-Pesa. Tuna wanachama 180 na malipo kama 2,400 kwa mwezi. Ilikuwa na lupu (amri ya kurudia kazi) mbili, moja ndani ya nyingine: kwa kila mwanachama, ilipitia malipo yote kutoka mwanzo hadi mwisho, yaani ulinganisho 432,000. Tukiongeza wanachama mara mbili na malipo mara mbili, kazi inapanda mara nne. Hilo nilimweleza kwa mdomo, akaitikia tu kwa heshima.

Tukaingiza wanachama sita na malipo manane kwenye Python Tutor. (Majina na namba za kubuni! Tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, na pesa za watu si za kubandika kwenye tovuti yoyote.) Alibonyeza, akabonyeza, na zikapita hatua zaidi ya 140. Katikati akasimama: "Shangazi, mbona namba hii inabadilishwa tena? Si tayari ni 254?" Mstari wa kugeuza 07 kuwa 2547 ulikuwa ndani kabisa ya lupu ya pili, kwa hiyo namba ya mwanachama mmoja iligeuzwa upya kwa kila malipo, na jibu lilikuwa lile lile kila mara. Aliutoa nje mwenyewe, sikugusa kibodi.

Kisha alitaka kuweka `break` ili lupu ya ndani ikome ikipata malipo. Hapo pia mshale ulimjibu: mwanachama aliyelipa mara tatu alihesabiwa malipo ya kwanza tu. Dawa ikawa kuzitenganisha lupu. Ya kwanza inapita malipo mara moja na kujaza kamusi, namba ya simu ikiwa ufunguo na jumla ikiwa thamani. Ya pili inapita wanachama, kila mmoja anachukua jumla yake moja kwa moja. Kwa data yetu yote ni mizunguko 2,580 badala ya 432,000. Kwenye mfano wetu mdogo, hatua zilishuka chini ya 50, na kuiona ile namba ikishuka kulimfundisha kuliko maelezo yangu yote.

Kasoro zipo. Tovuti hukoma baada ya hatua 1,000 hivi, kwa hiyo data halisi haiingii. Inataka intaneti, na kwenye simu ndogo ile michoro inabanana. Kubwa zaidi: inaonyesha marudio uliyoyaandika wewe tu. Ukiandika `if namba in orodha`, Python huikagua orodha kipengele kwa kipengele, lakini kwenye skrini hiyo ni hatua moja. Mwanafunzi anaweza kufuta lupu ya ndani, akaweka `in`, akaona hatua zimepungua na kudhani amemaliza, kumbe kazi ni ile ile imejificha. Mweleze mapema kwamba `in` juu ya kamusi au seti ni jambo jingine kabisa, kwa sababu huko Python kwa kawaida huenda moja kwa moja kwenye ufunguo.

Kwa hiyo itumie kuona, usiitumie kupima. Kasi ipimwe kwenye laptopu, kwa data kamili, na `time.perf_counter()`, saa ya Python ya kupimia muda, kabla na baada ya lupu. Kwa anayeanza, naipa nyota nne kati ya tano.