Chupa ya gololi au ya waya?

Kwa mpenda chupa za kale za soda, ziko aina mbili. Chupa ya Codd, iliyopewa jina la mbunifu wake, ya Uingereza tangu miaka ya 1870, huzibwa na gololi ya kioo: gesi ya soda yenyewe huisukuma juu ikabana pete ya mpira iliyo shingoni. Itikise uisikie ikigonga, raha tupu! Watoto walizivunja nyingi wapate gololi.

Ile ya Hutchinson, ya Chicago, 1879, ina kizibo cha waya uliokunjwa, ambao mara nyingi umeliwa na kutu. Hata hivyo mimi naipenda zaidi. Pitisha kidole kwenye kioo: herufi zimechomoza, jina la mjazaji soda na mji wake. Mwenye kiwanda kidogo alitaka chupa zake zirudi, azioshe, azijaze tena.