Genomic Data Commons: ghala la data za saratani, kwa tunaopakulia Mbeya

Nafundisha wanafunzi wa maabara hapa Mbeya, na saratani ya umio ndiyo inayonikosesha usingizi. Ghala ninalolitegemea ni Genomic Data Commons, la taasisi ya saratani ya serikali ya Marekani, lililofunguliwa 2016 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Chicago. Mna kazi nzima ya TCGA, mradi mkubwa wa Marekani wa kuchunguza jeni za saratani: wagonjwa zaidi ya 11,000, aina 33 za saratani.

Nalipendea milango yake miwili. Wa kwanza hauhitaji hata akaunti: unapata hatua ya ugonjwa, matibabu, na mabadiliko ya jeni yaliyozuka kwenye uvimbe wenyewe. Faili ni ndogo, bando la kawaida linatosha.

Wa pili umefungwa, na ni haki ufungwe. Humo mna mfuatano ghafi wa DNA, wenye hata yale mgonjwa aliyorithi kwa wazazi. Kufuta jina hakutoshi, kwa sababu DNA yenyewe inamtambulisha mtu, na inawagusa ndugu zake ambao hawakuombwa ridhaa. Wanafunzi wakilalamika kwamba sayansi inabaniwa, nawaambia wamfikirie mama aliyetoa kipande cha uvimbe wake akiwa kitandani wodini. Yeye alitoa ili kitibu wengine, si ili ukoo wake uanikwe.

Kuingia kuna mlolongo: chuo kiwe kimesajiliwa, msimamizi wake atie saini, ueleze utafiti wako, kamati ya NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani, iupitie. Ukikubaliwa unapata tokeni, yaani msimbo wako wa siri wa kuingilia, inayokwisha baada ya siku 30, na humpi mwenzako hata kama mnakaa meza moja. Inachosha kweli, lakini sitaki hata hatua moja ipunguzwe. Ninachotaka ni vyuo vyetu vijisajili mapema, mtafiti asianzie kwenye makaratasi.

Kwa mtandao wetu, sifa kubwa ni programu yao ya kupakulia, gdc-client. Umeme ukikatika katikati ya faili, unaendelea ulipoishia, kisha inahakiki kwa MD5, namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili, kwamba hakuna kilichoharibika. Faili moja ya jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtu, inaweza kuzidi gigabaiti 100, ila huna haja ya kuibeba yote. Unaweza kuomba eneo la jeni moja tu, kama TP53 inayoharibika katika saratani nyingi, seva ikakukatia kipande hicho tu. Aliyebuni hilo ametusaidia sana sisi wa mbali.

Upungufu unaoniuma ni kwamba wagonjwa wengi wa TCGA ni Wamarekani wenye asili ya Ulaya. Kwa ukanda wetu nawaelekeza wanafunzi kwenye HTMCP, mradi wa kuchunguza saratani hasa kwa wenye VVU, wenye uvimbe wa shingo ya kizazi kutoka Uganda. Uchambuzi wa sampuli 118 ulichapishwa 2020. Umio wa Nyanda za Juu Kusini nao unastahili kuwemo, kwa ulinzi uleule.

Anayeanza afungue TCGA-ESCA, sehemu ya TCGA ya saratani ya umio, achague faili za wazi za mabadiliko ya jeni, azisome kwa R, programu ya bure ya takwimu. Laptopu ya kawaida inaziweza.