Claudia Cassidy wa Chicago: mhakiki aliyekataa kiporo

Mhakiki wa tamthilia gazetini ni mtoa huduma kama fundi au mwenye hoteli, kwa kuwa msomaji hununua gazeti asubuhi ili ajue kama fedha ya tiketi aitoe jioni ile au aihifadhi. Kwa kipimo hicho napenda kuitazama kazi ya Claudia Cassidy, aliyeliandikia Chicago Tribune kuanzia 1942 hadi 1965.

Huduma yake bora kuliko zote ilitolewa majira ya baridi ya 1944. Tarehe 26 Desemba, katika ukumbi wa Civic, ilifunguliwa The Glass Menagerie, tamthilia ya mwandishi Tennessee Williams, ambaye wakati huo hakuwa na jina, huku mhusika mkuu akiigizwa na Laurette Taylor, mwigizaji aliyekuwa amekaa miaka mingi mbali na jukwaa. Tiketi hazikununuliwa, na wenye mchezo walikuwa wakifikiria kuufunga. Cassidy aliandika kwamba tamthilia hiyo hunyoosha minyiri yake, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa kukaza, hadi mtazamaji ananaswa. Hakuishia hapo, alirudi ukumbini tena na tena na kuendelea kuwahimiza wasomaji, kama alivyofanya Ashton Stevens wa gazeti jingine la mji huo, mpaka viti vikajaa. Machi 31, 1945, mchezo ulihamia New York, ukaonyeshwa mara 563. Sidhani kama kuna mhakiki anayeweza kudai faida kubwa zaidi kwa msomaji wake, kwani waliomsikiliza waliiona kazi hiyo kabla New York haijaijua.

Ukali wake nao ulikuwa na sababu. Makundi ya New York yalizoea kupeleka Chicago maonyesho yaliyochoka, yenye waigizaji wa daraja la pili na mandhari zilizopunguzwa, lakini bei ya tiketi haikupunguzwa. Cassidy alikataa kabisa mji wake ulishwe kiporo kwa bei ya pilau ya harusini, na kila kundi lililothubutu lilisomewa makosa yake hadharani. Hapo namuunga mkono bila kusita, ingawa watu wa jukwaani walimbandika jina la utani, Acidy Cassidy, lililolifananisha jina lake la ukoo na tindikali.

Ninaposita ni kwenye muziki, ambao pia ulikuwa chini ya kalamu yake. Rafael Kubelík, aliyeiongoza Orkestra ya Symphony ya Chicago kuanzia 1950 hadi 1953, alishambuliwa naye mfululizo, si kwa onyesho moja baya bali msimu baada ya msimu, hadi akaondoka. Baadaye aliongoza opera ya Covent Garden, London, kisha orkestra ya Redio ya Bavaria huko Munich kwa miaka 18, na kote huko aliheshimiwa. Mteja aliyeiamini safu ile basi alishauriwa vibaya, tena kwa sauti ya mtu asiyekuwa na shaka hata kidogo.

Cassidy alifariki mwaka 1996. Katika Kituo cha Utamaduni cha Chicago, jengo la 1897 lililokuwa maktaba ya umma, kuna ukumbi mdogo wenye jina lake, na maonyesho mengi ya kituo hicho hayatozi kiingilio. Kwa hiyo onyesho likiharibika humo, hata ile hoja ya bei ya tiketi Cassidy asingekuwa nayo.